Sikio la Fundi Saa

Fundi saa wa chini ya ngazi haifungui saa kabla ya kuibandika kwenye sikio la kulia, kufumba macho, kisha kutoa hukumu. Sikio hilo likimwasha, hulichokonoa kwa chochote kilichopo mkononi, njiti, ufunguo, hata bisibisi, mdomo umempinda kwa raha. Wiki ile alizitangazia kifo saa kumi na saba. Ya kumi na nane ilikuwa ya muuguzi.

“Pole dada, hii imeshakata roho.”

“Imekata roho na mshale unatembea?”

Akatazama. Kweli unatembea. Fundi asiyesikia saa atakula nini? Muuguzi akawasha tochi ya simu, akamchungulia sikioni.

“Kaka, nta umeisindilia mpaka imekuwa kizibo. Na hiyo mikwaruzo yako ndiyo inayokuwasha. Sikio hujisafisha lenyewe. Njoo zahanati tukutoe hicho kizibo, na usitie kitu tena.”

Aliporudi kutoka zahanati, maiti zote kumi na saba zilikuwa zinampigia kelele mezani. Siku hizi sikio likimwasha, humpa mteja mkono wa kulia amshikilie mpaka muwasho upite. Wateja wageni hudhani ni mtu wa salamu ndefu.