Vita Haikujua Njia ya Kwetu

Mpangaji wangu hapa mjini Koboko, Uganda, mwalimu aliyekimbia kutoka Sudan Kusini, alikuwa akinisomea kitabu cha Roma ya kale nikichambua maharage. Waroma wanachinjana wenyewe kwa wenyewe, tajiri mmoja anakutwa amekufa bustanini, na mpelelezi anazunguka kitabu kizima akinusa viatu vya watu.

"Huyu mutu ni mjinga," nikasema. "Aulize majirani."

"Mama, ngoja. Kitabu bado iko mbali."

"Ningoje nini? Wakati wa vita watu wote wanajua. Wananyamaza tu."

Akacheka. Hakujua kwamba wiki ile tulikuwa tunakwenda kijijini kwetu Kuluba kutia saruji kaburi la baba, na kwamba ukoo ulimpa jirani, mwenye mashine ya kusaga, kazi ya kusimama na kueleza kilichomuua marehemu. Kwetu kaburi halifungwi bila neno hilo. Likishasemwa, basi, limekwisha.

Nilikuwa mtoto, nimelala chini katikati ya mihogo, nilipomwona jirani huyo akitembea mbele ya askari. Mbele, si nyuma. Akawaonyesha mlango wetu kwa kidole. Tuliporudi kutoka Kongo tulikokimbilia, shamba la baba alikuwa analilima yeye. Leo ni mzee wa kanisa, tumbo limetangulia, suti ya kijivu kwenye jua kali.

Siku ya saruji akasimama kando ya kaburi, akakohoa. "Ndugu zangu, mwenzetu aliuawa na vita."

Watu wakatikisa vichwa kukubali huku macho yakiwa kwenye masufuria. Huo ndio ukoo wangu! Wape nyama, watakubali lolote.

"Vita haikujua njia ya kwetu," nikasema. "Wewe uliionyesha."

"Keti, binti yangu. Uchungu unakusumbua."

"Mimi si binti yako. Baba yangu iko hapa chini."

Fundi kutoka Arua alikuwa ameshika msumari wa kuandikia kwenye saruji mbichi, hajui amsikilize nani. Nikamnyang'anya. Shule yangu ilikatwa na vita ileile, herufi zangu zinatembea kama kuku, lakini zinasomeka: ALIUZWA NA JIRANI MWENYE MASHINE YA KUSAGA.

Jirani akamnong'oneza fundi asawazishe pale juu, maandishi yafutike. Nikakaa kando ya kaburi, msumari mkononi, mpaka saruji ikashika. Walikula wakashiba, na hakuna aliyeniletea hata maji.