Kashata ya Ukutani

Nianze na ukweli ili tusije kugombana mbele ya safari: sikuikarabati nyumba ya mama yangu kwa sababu napenda nyumba za zamani. Niliikarabati kwa chuki. Mapenzi yalikuja baadaye, kazi ikiwa katikati, kama jirani aliyesikia harufu ya pilau.

Nyumba yenyewe iko Kariakoo, hatua chache kutoka Msimbazi. Ni nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati umenyooka mpaka uani, na mbele kuna baraza refu linaloweza kukaliwa na nusu ya Tanzania, ili mradi nusu hiyo ikubali kubanana. Mama alikaa hapo kila jioni akisuka ukili wa mikeka. Hakuna aliyepita mtaani kwetu bila kutoa ripoti kwake: anatoka wapi, anaenda wapi, na kwa nini mke wake hajaonekana tangu juzi.

Ila ilikuwa imechoka. Mvua ikinyonyota nje, ndani inamwaga. Kuta zilikuwa zimevimba na kupasuka, na mijusi waliishi humo kwa koo na koo, kila ukoo na ufa wake.

Siku wazee wa upande wa mwanaume walipokuja kuniposa, mama alifagia baraza mpaka nikadhani atalitoboa. Wakaketi, kofia zimenyooka, kanzu zinanukia udi. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango nikichungulia kwenye tundu la ufunguo, jambo ambalo kila posa mwari anakatazwa na kila posa anafanya. Mama akawamiminia kahawa. Mzee aliyekaa katikati akainua kikombe, na kabla hakijamfika mdomoni, kipande cha lipu kikabanduka ukutani juu ya kichwa chake, kikatumbukia humo humo kikombeni. Chubwi! Ungekilenga kwa mwaka mzima usingekipata vile.

Sasa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama jirani yetu. Nyumba ya marehemu baba yake ilikuwa pacha wa yetu, lakini wiki ile alikuwa ameibomoa, baraza na vyote, ili ajenge ghorofa. Alikuwa juu ya kifusi chake, mikono kiunoni. Akapaza sauti:

"Kunyweni, wazee wangu! Kwenye hilo banda la kuku kahawa inakuja na kashata yake!"

Mtaa ulicheka. Walicheka wasukuma mikokoteni, walicheka wauza mahindi, nadhani hata Buguruni walisikia wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mzee mmoja wa wale wageni naye akatabasamu kidogo, akajifanya anakohoa. Wakaaga kwa adabu, wakasema watarudi.

Mpaka leo wanarudi.

Mwanaume mwenyewe sikumlilia sana. Anayekimbizwa na kipande cha lipu, mtoto akilia usiku atamkuta wapi? Kilichonichoma ni mama. Tangu siku ile hakukaa tena barazani. Alihamia ukumbini na ukili wake, kwenye kigiza, na mtu akimsalimu kutoka nje anaitikia kwa sauti ndogo kana kwamba yeye ndiye mgeni. Alisuka humo mpaka Mungu alipomchukua. Nilipotoka kumzika nilisimama mbele ya ule ukuta, nikaapa: yule bwana atakuja kunywa kahawa hapa, chini ya tundu hili hili, na ataomba mwenyewe kwa mdomo wake.

Wakati huo mchana nilikuwa nauza vitambaa vya mapazia sokoni na jioni nasoma masomo ya watu wazima. Darasani nilimzidi mwalimu umri na kelele. Nilihitimu, jamani, msicheke. Cheti kimetundikwa ukumbini kwenye fremu kubwa kuliko fremu za picha za harusi, maana picha ya harusi sina. Lakini elimu kubwa niliipata njiani. Kufika darasani nilikatiza mitaa mpaka Gerezani, na kwa kuwa moyo wangu ulikuwa unafikiria kuta tu, nikaanza kuziona nyumba ambazo nilizipita miaka yote bila kuzisalimia.

Kulikuwa na moja katikati ya gereji na vipuri, imezungukwa na injini zilizopasuliwa matumbo. Wenyewe walikuwa wameitengeneza upya, ila nguzo za barazani wakaziacha vilevile, fupi na nene, kama miguu ya bibi harusi aliyelishwa vizuri. Kulikuwa na ya familia moja ya Kiarabu, duka chini, makazi juu. Walikwangua rangi ya roshani ya mbao, wakakuta chini yake kijani, chini ya kijani bluu, chini ya bluu nyekundu, kila rangi na Idi yake, mpaka wakaufikia ubao wenyewe ukiwa umetulia tu, unawasubiri. Na kulikuwa na Mchagga mmoja mfanyabiashara wa jumla aliyenunua nyumba ya Kiswahili kama yetu. Mtaa ukaapa kwamba atajenga ghorofa la kugusa mbingu. Yeye akabadilisha bati, akanyoosha kuta, akaacha uani kisima na mpera, na akaketi barazani kwake Jumapili akitoka kanisani, suti na tai, anakula mapera.

Nilijifunza hivi: nyumba ya zamani ikitengenezwa vizuri haifanani na mpya. Inafanana na bibi aliyeoga, akapaka mafuta, akajifunga doti jipya la kanga. Mikunjo iko palepale. Tofauti ni kwamba sasa inakutazama machoni.

Basi nikaanza yetu. Kila robota la mapazia nililouza liligeuka bati, au mchanga, au kitasa. Mlango wa mbele niliukwangua mwenyewe mpaka vidole vikasahau kazi nyingine. Kuta zikapigwa lipu upya, nyeupe. Madirisha tukayaacha ya mbao, yale ya mabawa mawili, nikayapaka kijani cha majani ya mgomba. Nikakataa vigae, nikakataa vioo vya giza, nikakataa geti. Mafundi wakaniona nina kichaa. Walithibitisha walipofika kwenye lile tundu juu ya baraza.

"Dada, hapa tunaziba?"

"Mkiziba hapo nawaziba na nyie."

Likabaki. Ukubwa wa kiganja, udongo mwekundu unachungulia, ukuta wote mweupe. Watu wakawa wanasimama kuipiga picha nyumba yangu, na kila mmoja anauliza juu ya lile kovu. Nawaambia ni urembo.

Jirani naye alimaliza ghorofa lake. Fremu za maduka chini, zimejaa mizigo mpaka kwenye mlango wa ngazi. Yeye na familia juu kabisa. Ukianza kupanda ngazi zake umenyoa, unafika una ndevu. Kwa hiyo alitegemea lifti, na lifti ilikuwa na tabia ya ng'ombe wa kukodi: inafanya kazi ikipenda.

Ikafika siku ya kuposwa binti yake. Binti sina ugomvi naye, amekua akifanyia hesabu zake barazani kwangu. Wageni walikuwa wazee wa watu, wawili na mikongojo. Adhuhuri lifti ikagoma. Alasiri ikagoma zaidi. Nikiwa nyuma ya dirisha langu la kijani niliwaona wazee wamesimama juani kati ya marobota, wanatafuta kivuli, na mikokoteni inawapigia kelele wapishe. Nikamwona mmoja anatazama saa, kisha anatazama njia ya kurudi walikotoka. Nikalijua lile jicho. Nilishaliona kwa wale wazee wangu, kwenye tundu la ufunguo.

Ndipo nikasikia mlangoni kwangu: "Hodi."

Sauti yake. Nikanyamaza.

"Hodi wenyewe."

Nikanyamaza. Adabu ya kwetu inajulikana: hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa unaondoka. Sikuhitaji kufanya lolote. Ningefunga mdomo tu, na posa yake ingeyeyuka juani kama yangu ilivyoyeyuka kwenye kahawa. Niliuonja ule utamu. Wallahi ulikuwa mtamu kuliko halua. Lakini ni utamu wa kuula peke yangu ndani, gizani, ukumbini, alipokaa mama. Nami nilikuwa nimeapia barazani.

"Hodi," akasema mara ya tatu, sauti imeisha.

"Karibuuu! Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja... nina wageni pale."

"Nawaona. Wanauza nini?"

"Binti, usinifanyie hivyo. Nakuomba baraza lako."

"Banda la kuku hili, baba?"

"Baraza lako," akarudia. "Nakuomba."

"Baraza ni lako leo. Ila wewe mwenyeji utakaa pale." Nikamwonyesha chini ya kovu.

Nikatandika mkeka mkubwa, ule nilioushona kwa ukili wote aliousuka mama humo ukumbini. Wazee wakaketi wakahema. Wakaanza kusifia: mlango, mbao za madirisha, ubaridi wa ukuta ukiegemea mgongo. Mkubwa wao akamgeukia jirani: "Umetunza, ndugu yangu. Siku hizi watu wanabomoa hovyo."

Nikasimama na birika langu nikingoja nione kama ataipokea ile sifa. Akainama.

"Nyumba si yangu. Ni ya huyu binti."

Nikamimina kahawa. Yeye akapokea kikombe chake, akatupa jicho juu, na papo hapo akakifunika kwa kiganja. Hakukifunua. Anazungumza, kafunika. Anacheka, kafunika. Wageni wakamtazama, wakatazamana, na kwa kuwa watu wastaarabu hufuata anavyofanya mwenyeji, mkubwa wao naye akafunika chake. Akafuata wa pili. Punde safu nzima ya wazee wenye kanzu imekaa barazani kwangu imefunika vikombe kama wanaotazamia mvua. Nilikimbilia ukumbini, nikauma upindo wa kanga nisipasuke.

Niliporudi mkubwa alikuwa anauliza: "Samahani, mwenyeji wetu. Hii ya kufunika ndiyo desturi ya nyumba hii?"

Jirani akanitazama. Nikatabasamu tu.

"Hapana," akasema. "Ni ukuta. Uliwahi kudondosha kipande kwenye kahawa ya mgeni. Wazee kama nyie, walikuja kumposa huyu."

"Ikawaje?"

"Hawakurudi."

"Kwa ajili ya kipande cha ukuta?"

Nikamsogezea jirani sahani. "Karibu kashata, baba. Hizi nimezipika mwenyewe."

Akachukua moja. Haikupanda mdomoni. "Kwa ajili yangu," akasema. "Niliwacheka mbele ya mtaa. Nilikuwa nimesimama pale." Akaonyesha ghorofa lake.

Mzee akainua macho, akapanda nayo ghorofa kwa ghorofa mpaka shingo ikagoma. "Pale juu?"

"Wakati ule palikuwa bado chini, kifusi tu."

Kisha mzee akaondoa kiganja kikombeni, akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo, akaweka kikombe. "Sisi tutarudi, inshallah," akasema. "Na tutakaa hapa hapa."

Posa ikapita. Wageni walipoondoka jirani alibaki, kofia mkononi.

"Mwanangu, sasa umeridhika?"

"Bado, baba. Kuna mahari, kuna ndoa, kuna arobaini ya mjukuu. Na lifti yako naijua."

Akageuka kwenda. Nikamwita nikamwambia mkeka wa mama haulali nje. Akarudi, akapiga magoti, akaukunja.

Aliukunja vibaya. Nikamwambia aukunjue, aanze upya.