Mkasi wa Bi Pindo

Nitakayowaambia hapa hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi nilikuwepo, na bado nikijisimulia nabishana na nafsi yangu. Ila shule niliiacha mapema, uongo wa kitaalamu sikufundishwa, kwa hiyo naandika nilichokiona tu.

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Bi Pindo, kwa kuwa tangu watu waanze kuvaa nguo halijapatikana pindo lililomshinda. Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Mlango wa nyuma unatokea kwenye uwanja mdogo, ukuta pande tatu, na hapo ndipo zilipokuwa nyanya.

Nyanya zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za shemeji, marehemu mumewe, fundi bomba. Mbegu alipewa na mzee mmoja waliyefanya kazi pamoja, akazitunza mwaka hadi mwaka, miaka kumi na tisa, akiziegemeza kwenye mabaki ya mabomba badala ya vijiti. Zilikuwa nyanya nene, zenye mikunjo mabegani kama sketi ya marinda, na ukizikata hazimwagi maji ovyo. Sokoni hukuti kitu kama hicho. Shemeji alipofariki, alimwachia mkewe koti moja la mvua na bahasha ya mbegu.

Mwaka wa kwanza Bi Pindo hakupanda, alikuwa akilia. Wa pili akaitazama bahasha, akaifunga. Wa tatu akasikia kwamba mbegu zikikaa sana hufa ndani kwa ndani. Akaingiwa na hofu, akazimwaga kitaluni zote. Hakubakiza hata ya dawa.

Zikaota kumi na sita. Kumi na nne akazipanda kwake. Mbili akampa jirani wa ukuta wa pili, mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti ya kuita watoto mia nne waje kula kwa mara moja.

“Hizi ndizo alizokuwa akiringia mumeo?”

“Ndizo. Kula nyama yake, mbegu unirudishie.”

“Shoga, hata maganda nitakurudishia!”

Zilikwenda vizuri mpaka zikafunga matunda. Kisha ikaja wiki ya mvua na ubaridi, jua likasusa, nguo kwenye kamba zikanuka uvundo. Asubuhi moja Bi Pindo akaona doa kwenye jani. Doa la kahawia, limelowa, kama mafuta ya cherehani yaliyodondokea kitambaa.

Mtu mwingine angeuliza. Yeye ni fundi, na fundi doa halimtishi: unalizunguka kwa mkasi, unatoa kibaya, kazi inaendelea. Akauchukua mkasi wake mkubwa, ule ambao ukikata nao karatasi hasemi na wewe mpaka mwakani, akakata jani. Akaona jingine kwenye shina la pili, akakata. Akapita yote kumi na manne, hata mazima, akiyapunguza ili yapumue. Alifanya kazi safi. Ungeweza kuyavalisha yale mashina na kuyapeleka harusini.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. “Fundi, nipunguzie na zangu basi! Mikono yangu imezoea mwiko, nitaziua.”

Bi Pindo akazunguka na mkasi wake, bado umelowa maji ya majani, akamkatia.

Siku ya nne mashina yalikuwa meusi. Chini ya majani palikuwa na ukungu mweupe, na matunda mabichi yameshika mabaka magumu yenye kung'aa. Mimi nikamshauri anyunyize majivu, nikamwambia nina uzoefu. Akanyunyiza. Nyanya zikafa zikiwa na majivu juu.

Siku ya tano bwana shamba alikuja kuchukua suruali aliyoileta ipunguzwe. Akachungulia mlango wa nyuma, akaiweka suruali mezani.

“Mama, hili ni bakajani, ugonjwa wa ukungu. Ulizigusa na nini?”

“Mkasi.”

“Uliufuta kwa spiriti kila ulipohama shina?”

“Nguo haziambukizani, mwanangu.”

Hakucheka. Alimweleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za hospitali: ang'oe zote leo hii, azichome, asizitupe jalalani maana upepo utazipelekea shamba la mwenzake. Dawa ya ukungu ni ya kuzuia, na wakati wake umepita.

“Na mbegu?”

“Matunda mabichi hivi, mbegu hazijakomaa. Huna shina lingine popote?”

Uso wa dada yangu ukafunguka. “Ninayo! Mawili, kwa jirani!” Akauendea mlango kama msichana. Alipofika kizingitini akasimama. Akautazama mkono wake wa kulia, vidole viwili vikiwa vimeachana, bado vina umbo la mkasi.

Alikwenda hata hivyo. Mpishi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya vijiti viwili vyeusi.

“Njoo uone, Fundi. Zimeungua kama nimezimwagia maji ya moto. Sijui nilikosea wapi. Nilikuwa naogopa hata kukuambia.”

Bi Pindo angeweza kunyamaza. Nani angejua?

“Hukukosea wewe. Nilikuletea mimi, kwenye mkasi.”

Yule mwenye sauti ya watoto mia nne akasema chini chini, “Ulikuja kunisaidia, shoga.”

“Nimemzika mara ya pili,” alisema dada yangu.

Tukang'oa. Alinikataza nisikate vile vitambaa alivyofungia mashina kwenye mabomba. Alifungua fundo moja moja kwa kucha, kila kitambaa akakitia motoni pamoja na shina lake. Majani mabichi hayashiki moto, ikabidi tumwagie mafuta ya taa. Moshi ulikuwa mzito, ukatambaa chini chini mpaka chumba cha kazi, ukaingia kwenye nguo za watu. Hakwenda kuzitoa. Alisimama pale pale, bomba moja la shemeji mkononi, akisukumia ndani kila kilichotaka kubaki nje.

Moto ulipozimika nikachutama, nikachokoa kwa kijiti. Na hapo ndipo, haki ya nani, chini kabisa ya majivu, nikaiona nyanya moja, nzima, nyekundu, imeiva barabara, kubwa kama kichwa cha—

“Kaka,” anasema Bi Pindo, kumbe amesimama nyuma ya bega langu, anasoma. “Hapakuwa na nyanya. Andika majivu.”