Mama Alipolamba Ubao wa Lori

Nilinunua lori langu la kwanza Jumatatu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimelala chini yake zaidi ya nilivyolala kitandani. Miaka kumi na minne nimeendesha malori ya watu. Hili lilikuwa langu, tani nne, kabini ya buluu, na nililitoa Mitwero mwenyewe hadi nyumbani Miteja nikimpigia honi kila niliyepishana naye, mbuzi wakiwemo.

Mfanyabiashara aliyeniuzia alinipa sharti moja. "Ukiliona na kasoro, nirudishie. Ila mwisho Ijumaa. Dua ikishasomwa, mimi simo."

Nilimwelewa vizuri. Kwetu gari haliingii kazini bila dua, na mtu akishalisha majirani pilau kwa ajili ya gari lake, hawezi tena kulirudisha kwa aliyemuuzia. Uso atauweka wapi? Mama alikuwa ameshawaalika watu Ijumaa baada ya sala. Mimi nilikuwa nimeshauza mikorosho yangu yote ya urithi ili kulipata. Likiwa bovu, narudi kuendesha la mtu mpaka nizeeke.

Alhamisi asubuhi akaja shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi wa magari ambaye mdomo wake hauna breki. Alinikuta nimeshashika ufunguo, akaninyang'anya.

"Tulia, bwana harusi! Nataka kuligusa likiwa bado baridi. Wajanja hulipasha moto kabla hujafika, ukija linawaka lenyewe."

Akaweka kiganja kwenye injini, akatikisa kichwa kuridhika, ndipo akanipa ufunguo. Liliwaka kwa mara moja. Moshi ukatoka kidogo, ukakata. Akafungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna utando mweupe, maana huo ukiwepo ujue maji yameingia kwenye injini. Haukuwepo. Kwenye rejeta hakuna mapovu. Tukaenda nalo mpaka barabara kuu na kurudi, gia zinaingia kama kisu kwenye papai, na breki nilipozikanyaga shemeji aligonga paji la uso kwenye kioo.

"Breki zipo," akasema, anajisugua. Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha ya kitoto, sioni haya kuisema.

Mama akatoka na mkeka. Kesho yeye ndiye angekuwa abiria wa kwanza, lakini alitaka kuona wanawake wenzake watakaa wapi nyuma. Tukampandisha. Akazunguka juu ya mbao, akainama, akakwaruza kwa ukucha katikati ya ubao na ubao. Kisha akaweka kidole ulimini, akatema mate.

"Lilikuwa linabeba nini hili?"

"Korosho, mama. Kutoka bara."

"Nani kakwambia? Mbao za miaka yote hii hazina hata tundu moja la mchwa. Hii chumvi."

Usibishane na mama kuhusu chumvi. Usichana wake wote aliumalizia kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, anaibeba kichwani. Nilipanda nikalamba mwenyewe. Ilikuwa chumvi.

Chumvi haigusi injini, inakula chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, kimyakimya, kutoka ndani. Nilikuwa najua kuliko mtu yeyote, kwa sababu niliwahi kuendesha lori la chumvi la bosi mmoja wa Lindi, na siku moja chesisi yake ilikatika kwenye tuta, mzigo ukiwa juu. Sikuwa nimewahi hata mara moja kuchungulia chini yake. Kwani lilikuwa langu?

Nikajitupa chini ya lori. Chesisi nzima nyeusi tititi! Nilipoliona Mitwero weusi ule ulinipendeza, sasa niliuona ni wa kufichia madhambi. Hasira zikanipanda, nikampigia yule mfanyabiashara bila hata salamu.

"Uliniambia korosho!"

"Msimu, korosho. Msimu ukiisha, chumvi. Hukuuliza."

"Na hiyo rangi uliyopaka chini?"

"Rangi gani? Mimi chini ya lile lori sijawahi kuingia. Muulize dereva wangu, ndiye aliyekuwa anashinda huko."

Shemeji hakungoja simu iishe. Alichukua bisibisi na nyundo, akaanza mbele. Anakwangua, anagonga, anasikiliza. Weusi ule ulikuwa mnene, ukitoka vipande kama ukoko wa wali, na haukuwa rangi. Ilikuwa oili chafu, ile ya kukingia chuma kutu, imepakwa juu ya oili chafu, miaka kwa miaka. Chini yake chuma kilikuwa kizima, hakina kutu. Tulitambaa hivyo hadi springi za nyuma, mimi nimebana pumzi kila anapoinua nyundo. Kila mahali chuma kililia kwa sauti ileile kali.

"Shemeji," akasema hatimaye, uso umejaa oili, "hili litakuzika wewe."

Nilipiga kelele. Mama huko juu, bila kuuliza habari, akapiga kigelegele.

Lakini nilikuwa bado nimelala chali chini ya lori, natazama kazi ile. Mtu alilala hapa kila wiki na brashi, oili ikimdondokea machoni, kwa ajili ya lori lisilo lake. Nilimkumbuka yule bosi wangu na chesisi yake, nikaona aibu. Nikampigia tena mfanyabiashara, safari hii kwa salamu zote, nikaomba namba ya dereva wake.

"Yupo tu nyumbani," akasema. "Lori sina, nimwajiri kwa lipi?" Akanipa namba, nikampigia dereva huyo kumwalika kwenye dua.

Ijumaa, pilau ikiwa bado jikoni, mtu mzima mmoja mwembamba alishuka kwenye basi na dumu dogo na brashi. Ni kama hakutuona sisi tuliokaa mkekani. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akapitisha mkono chini ya chesisi, pale tulipokwangua. Akafungua dumu, akapaka. Alipomaliza ndipo alipogeuka.

"Shikamoo, mama. Samahani. Palikuwa wazi."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema.

Dua ikasomwa, watu wakala. Ulipofika wakati wa mama kuzungushwa, alipanda mbele akajitengeneza kitini, akaningoja. Nilimpa yule bwana ufunguo. Akaupokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye usukani.

Mimi nikapanda nyuma kwenye mbao za chumvi, nikabanana na wanawake na vigelegele vyao. Lilikuwa lori langu, na hakuna mahali pengine nilipotaka kukaa.