Walituambia Baba Yuko Bomani

Baba yangu alikufa akibeba mawe ya boma la Wajerumani kule Arusha. Ukuta ulimwangukia. Hakuna aliyemuuliza kama anaitaka kazi hiyo. Askari walikuja tu kwenye migomba yetu wakamchukua pamoja na majirani. Wenzake waliporudi walinong'ona na mama nyuma ya nyumba. Sisi watoto tukaambiwa, "Baba yenu bado yuko bomani."

Mama alinyoa nywele zote. Mdogo wangu wa kike, ambaye bado alikuwa akinyonya kidole, akauliza kwa nini. Baba mkubwa akamjibu haraka, "Chawa."

Chawa! Mimi nilishafikia umri wa kuchunga mbuzi, wajane walionyolewa nilishawaona. Nilijua. Lakini kila nilipotaka kufungua kinywa, baba mkubwa alinikazia macho: "Nyamaza. Kifo si habari ya watoto."

Basi mdogo wangu akawa wa kusubiri. Wanaume wakipita njiani kutoka kazini, alikimbilia kuwatazama nyuso. Wao walitazama chini. Mwishowe akajitafutia sababu mwenyewe. "Harudi kwa kuwa nilimwaga mbege yake, pombe yake ya ndizi," aliniambia. Hasira iliyonishika pale haijanitoka hadi leo. Wajerumani walimuua baba, na watu wazima wetu wakamtwika lawama mtoto asiyejua hata kujifunga nguo.

Asubuhi moja hakuonekana. Tulimkuta mbali, Kimandolu, miguu inavuja damu. Alituambia anakwenda bomani kumwomba baba msamaha kwa ile mbege. Mama akaketi papo hapo vumbini, akampakata.

"Baba amekufa," alisema. "Kama yule ndama wetu. Hapumui, haoni njaa, hawezi kurudi. Si kwa sababu ya mbege, mwanangu. Ukuta ulimwangukia."

"Mawe bado yako juu yake?"

"Hapana. Wenzake waliyatoa, wakamzika."

Mdogo wangu alilia, nasi tukalia, wapita njia wakitushangaa. Kisha akasema ana njaa.

Jioni baba mkubwa alikuja kugomba. "Umemvunja moyo mtoto!"

Mama, ambaye hakuwahi kumjibu, alisimama mlangoni. "Uliyemvunja ni wewe, shemeji. Ukimdanganya tena, usikanyage hapa."

Mimi sikumwamkia baba mkubwa masika yote. Nilichapwa kwa ajili hiyo, na sijutii.