Feni Niliyoigeuza Siku ya Kuposwa kwa Solange

Waliokuwepo ni hawa, nawataja wote ili mjue niliaibika mbele ya nani: upande wetu nilikuwepo mimi, mdogo wangu Eric, Mama Fifi ambaye tumepakana naye ukuta kwa ukuta, Mzee Hamisi fundi cherehani aliyekubali kuwa msemaji wetu kwa kuwa hatuna hata baba mdogo, na wateja wangu wachache wa duka la kompyuta kule Muhima niliowaomba wavae vizuri waje kunijazia viti. Solange, dada yetu aliyekuwa anaposwa, alikuwa ndani akisubiri kuitwa. Shangazi Venansia alikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Upande wa wakwe siwezi kuwataja, walijaa hema mpaka wengine wakasimama.

Huyo Shangazi ndiye kiini cha yote. Ni dada wa baba, anaishi Karagwe, Tanzania, kule tulikozaliwa na walikozikwa wazazi wetu, na miguu yake siku hizi haimfikishi hata kanisani, sembuse Kigali. Kwetu bibi harusi haondoki nyumbani bila shangazi yake kumwambia maneno ya kumsindikiza. Solange ni mtu asiyeomba kitu (nimemlea, namjua, viatu vilikuwa vinambana anasema vimemtosha), lakini safari hii aliniambia, "Kaka, nataka mtu mmoja tu aliyemjua mama aseme neno." Nikamwambia atasema. Kiti cha mama hakitakuwa kitupu.

Basi nikaweka kioo kikubwa juu ya kiti cha mama, pembeni ya kiti cha baba ambacho ningekalia mimi. Eric alisema tutumie simu yake tu, nikakataa, kwa sababu kompyuta ile niliiunda mwenyewe kwa vipande vya mtumba kule dukani ninapofanya kazi, na mtu aliyeacha shule kidato cha pili akiunda kitu kikawaka, anataka watu wakione. Ua wetu wa Kinyinya, hapa Kigali, ni mdogo na waya wa umeme ulikuwa mfupi, hivyo lile kasha la kompyuta nikaliweka kwenye stuli huku mgongo wake ukiwaelekea wakwe, na hapo mbele kabisa ndipo palipokuwa na kiti cha Mzee Karangwa, msemaji wao, mzee wa heshima zake, amejifunga umushanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, mweupe wa kung'aa.

Sasa sikilizeni akili yangu. Kasha lile lina feni mbili: ya mbele inavuta hewa ya baridi iingie, ya nyuma inasukuma ya moto itoke. Nikawaza, nitampulizia mkwe joto na vumbi usoni tangu mwanzo mpaka mwisho? Ni adabu gani hiyo? Nikachukua bisibisi, nikafungua feni ya nyuma, nikaigeuza nayo ipulize ndani. Eric akaniuliza, "Kaka, na hewa itatokea wapi?" Nikamwambia aende akapange viti. Halafu (hapa naomba msinicheke sana) nikaona kasha lina mikwaruzo, nikalifunika kitambaa kizuri alichokuwa amekishona Mzee Hamisi, mpaka matundu ya juu yote yakazibwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Shangazi alionekana safi, amevaa kitenge, ameshika simu ya jirani yake karibu mno hata tukawa tunaona zaidi paji la uso. Wasemaji wakaanza kutaniana kama ilivyo desturi, Mzee Hamisi akidai sisi hatuna msichana hapa, wamepotea njia. Jua likapanda, na kompyuta ikaanza kunguruma. Kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, feni zote zikikimbia kupoza joto lisilokuwa na pa kutokea, mpaka Mzee Karangwa akanyamaza katikati ya maneno yake, akaligeukia kasha. Yeye alikulia Uganda, Kiswahili chake ni cha huko.

"Bwana," akaniambia, "sisi tulikuja kuomba bibi, hatukuja kwa uwanja wa ndege."

Watu wakacheka, nami nikacheka, jasho linanitiririka. Solange akaitwa, akatoka akiwa mzuri hata nikasahau ile kelele, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama. Shangazi akamwangalia, akasema, "Solange, siku mama yako alipokunyoa nywele za kwanza, aliniambia..."

Kioo kikawa cheusi.

Mtu mwenye busara angesubiri kompyuta ipoe. Mimi nilichuchumaa kando ya stuli na umushanana wangu, nikang'oa kitambaa, nikafungua ubavu wa kasha. Ndani kulikuwa moto kama jiko, na vumbi jekundu la barabara yetu inayochimbwa lilikuwa limejaa kila pahali. Nikaligonga na kulisugua kwa brashi mpaka likaachia, nikaigeuza ile feni irudi ilivyokuwa, nikafunga, nikawasha. Feni ikafanya kazi yake vizuri kuliko siku zote. Vumbi lote nililolilegeza lilitoka nyuma kwa mkupuo mmoja, likatua juu ya Mzee Karangwa, kuanzia kifuani mpaka masharubu.

Mama Fifi akafunika uso kwa kanga. Mzee akajitazama, akajipangusa kidogo, ikawa mbaya zaidi, kisha akamgeukia Mzee Hamisi.

"Sasa mumenipaka udongo ya kwenu," akasema. "Mimi siwezi rudi mikono mitupu. Muniletee bibi yangu."

Walicheka mpaka wengine wakashika viti, na nawaambia ukweli, yule mzee aliniokoa. Lakini Solange hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, anatazama kioo. Kompyuta ilipowaka nikapiga, nikapiga tena, haikupokewa: jirani wa Shangazi alikuwa ameshachukua simu yake akaenda kwenye shughuli zake. Ikabidi mimi niseme badala yake. Nikasimama, nikamwambia dada yangu awe na amani huko aendako, nikakaa. Sikuwa na kingine. Aliyoambiwa Shangazi na mama siku ile ya kunyoa nywele, mimi siyajui.

Jioni waliondoka naye, kwani harusi ilikuwa siku hiyo hiyo. Eric akarudi Huye chuoni. Wale wateja wangu walikuwa wamekwenda mapema, walikula vizuri. Nikajikuta nimesonga ugali wa watu watatu. Tangu siku ile sigeuzi feni ya mtu yeyote kwa ajili ya adabu, na ile kompyuta huwa naiacha ikiwaka sebuleni hata kama sina kazi nayo, kwa sababu mvumo wake unafanana kidogo na nyumba yenye watu.

Nilimpata Shangazi kesho yake. Alidhani tumemkatia makusudi kwa kuwa anasema polepole. Nilipomweleza akacheka, nikamwomba aniambie yale maneno nimfikishie Solange.

"Hayapiti tena kwenye mashine, mwanangu," akasema. "Wala hayapiti kwako. Mlete nimshike kichwa."

Nikasema nitamleta. Solange hajawahi kunidai. Ila kila akipiga simu, kabla ya kuaga huniuliza, "Shangazi hajambo?" Nami humjibu kwamba hajambo, anatusubiri.