Sukari Niliyoilipia Taslimu

Karatu ya miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mtu hakuwa na haja ya kuuliza kama fulani ana uwezo au hana. Alisimama tu dukani akaangalia namna fulani huyo anavyouziwa sukari.

Duka lenyewe lilikuwa kando ya barabara ya kupandia Ngorongoro. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa Kondoa, mama Mrangi, baba Mwarabu, mtu mnene mwenye sauti ndogo na Kiswahili kilichotuaibisha sote tuliojifunza chetu shuleni. Wateja wake aliwagawa mafungu matatu, wala hakulificha jambo hilo. Fungu la kwanza walichukua mali wakaenda zao bila kuandikwa popote, yeye akakumbuka kwa kichwa. Hawa hawakuzidi watano, na mmoja wao alikuwa mzee wa Kimasai wa Kakesio aliyeonekana mjini mara mbili kwa mwaka. Fungu la pili waliandikwa daftarini. Fungu la tatu walitakiwa kuweka fedha mezani kwanza, ndipo mizani iguswe. Watu walipanda na kushuka mafungu hayo, na habari ya mtu kushuka ilifika nyumbani kwake kabla yeye hajafika. Nilimjua mwalimu mmoja, mwenye baiskeli na saa ya mkononi, aliyekaa wiki nzima bila chai ili asionekane akihesabu senti pale mezani.

Halmashauri ya mji wetu ilikuwa fungu la pili, na mimi nilikuwa karani wake.

Ninaposema halmashauri msifikirie majumba. Ilikuwa vyumba viwili vya bati, mwenyekiti, mtunza fedha, taipu moja iliyokuwa ikikwama tangu siku tulipoipokea, na mimi. Lakini tulikuwa na jambo kubwa mkononi. Tulitaka kuleta maji ya bomba kutoka chemchemi za msituni hadi sokoni. Fedha ya serikali ilitosha nusu ya kazi. Nusu iliyobaki tuliamua kuikopa kwa wananchi wenyewe, kwa hati za shilingi ishirini ishirini, ambazo halmashauri ingezilipa pamoja na nyongeza kidogo baada ya miaka mitatu. Aliyetumwa kuzinadi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, shati jeupe, na mdomo. Nilipanda vilima vyote, nikakaa kwenye vigoda vya watu, nikaeleza habari za nyongeza kwa Kimbulu kitamu mpaka nikajishangaa.

Mmoja wa walionunua alikuwa shangazi yangu, mjane, dada yake baba. Alikuwa na mtamba mmoja mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa, na maziwa ya mtamba yule alikuwa ameshayapangia matumizi ya miaka mitano. Akamuuza mnadani, akanunua hati kumi. Kusoma alikuwa hajui. Alizigeuza geuza, akaniuliza swali moja tu.

"Zinakula nini hizi?"

"Hazili kitu, shangazi."

"Basi nafuu. Yule alikuwa ananimalizia majani."

Tulicheka, akazifunga katika kitambaa. Sikujua kwamba nilikuwa nacheka jambo litakaloninyima raha.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Siku moja ya mnada walikuja wageni wawili kutoka Mbulu kuyakagua mabomba tuliyokuwa tumeyalaza nyuma ya ofisi. Mwenyekiti akaniambia nikimbie dukani nikalete sukari na majani ya chai. Kwa kawaida niliandika oda katika kitabu cha ofisi, mwenye duka akatoa mali, mwisho wa mwezi akalipwa. Lakini kitabu cha oda kilikuwa kimekwisha, na kipya kilikuwa ndani ya basi la Arusha, na basi la Arusha lilikuwa ndani ya matope pale Mto wa Mbu. Nikaona nitumie fedha yangu, nitarudishiwa.

Mwenye duka akanizuia. "Karani, chukua tu sukari. Nitaitia daftarini, oda utaniletea kitabu kikija."

Mtu mwenye akili angeshukuru akaondoka. Lakini duka lilijaa watu wa mnada, nami nilikuwa nimesoma Arusha, na kwa nilivyoona mimi, mkubwa wa Arusha ni yule anayetoa noti. Nikanyoosha kola.

"Hapana, mzee," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Halmashauri inalipa taslimu!"

Nikapanga shilingi mezani, moja baada ya nyingine. Duka zima likanyamaza. Nilidhani ni heshima.

Chai ya wageni ilikuwa haijachemka, na tayari habari ilikuwa imefika kwenye zizi la mnada: halmashauri imeshushwa. Imetupwa fungu la tatu, karani ameonekana kwa macho akihesabu senti. Kufika jioni, ilisemwa mabomba yanarudishwa Arusha. Jumatatu yake ikasemwa mwenyekiti ameuza redio yake, kumbe maskini ameipeleka kwa fundi. Wamasai walioleta ng'ombe waliondoka na habari hiyo hadi Kakesio, na iliporudi mnada uliofuata ilikuwa imenenepa huko malishoni: sasa Ngorongoro yenyewe imewekwa rehani, pamoja na vifaru wake.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema mwenye hasira za karibu. Aliposikia habari ya vifaru alinikalisha kwenye taipu, akatembea huku na huku akinisomea maneno, nami nikayapiga: WANANCHI WOTE MNATANGAZIWA KWAMBA SI KWELI KUWA HALMASHAURI IMEFILISIKA. Tukabandika zahanati, sokoni, shuleni, kanisani na msikitini. Bibi mmoja aliyekuja zahanati kutiwa dawa ya macho, asiyejua lolote, aliomba asomewe karatasi ile. Alirudi kijijini kwake akiwa na dawa ya macho na habari za kufilisika. Waliokuwa hawajasikia wakasikia, na waliokuwa wamesikia wakapata ushahidi wa maandishi.

Nilimshauri mwenyekiti tunyamaze. Akasema kunyamaza ni kukubali. Tukabandika tangazo la pili, la kuwaomba watu wasitiwe wasiwasi na tangazo la kwanza, na hilo ndilo lililoleta foleni.

Walikuja na hati zao, wanaume kwa wanawake, wakapanga mstari kuanzia mlangoni hadi kwenye mabomba, na waliokuwa nyuma wakakalia mabomba yenyewe. Walitaka fedha yao sasa hivi, siyo baada ya miaka mitatu. Mtunza fedha, ambaye uongo ulikuwa haumo katika damu yake, akatoka akawaambia kweli tupu: "Fedha yenu haipo hapa. Iko Arusha, tumewalipa wenye mabomba." Ingekuwa heri angetukana. Sijui kama alielewa kwa nini wale waliokuwa wamekaa walisimama.

Jambo lilikuwa baya kuliko walivyolijua. Mwenyekiti alianza kusema, mlango ukiwa umefungwa, kwamba huenda tukalazimika kuyarudisha mabomba na kuyauza kwa hasara, tuwagawie wenye hati kitakachopatikana. Hapo hati ya shilingi ishirini ingerudisha shilingi sita, saba. Nilipiga hesabu ya hati kumi. Mtamba mzima angerudi mguu mmoja. Na yote kwa sababu ya ratili mbili za sukari na kola yangu. Sikumwambia mwenyekiti. Niliogopa, hiyo ndiyo kweli, nikaendelea kuchonga penseli.

Siku ya tatu ya foleni akaja shangazi. Hakupanga mstari. Alipita mbele ya watu wote kama mtu aliyeitwa, akaketi kwenye benchi ya ofisi, akatoa kibuyu cha mtindi akakiweka juu ya faili.

"Nimekuja kukusalimu," akasema.

Katika miaka miwili ya ukarani wangu alikuwa hajawahi kuja kunisalimu ofisini. Nikamimina mtindi, nikanywa, ukakataa kushuka. Alizungumza habari za mahindi, za panya, za jirani aliyesogeza mpaka wa shamba usiku usiku. Habari za hati hakuzigusa. Kila alipotua nilidhani sasa anauliza, na kila asipouliza nilizidi kuumia. Alipoondoka nilichukua kofia nikaenda moja kwa moja dukani, nikamweleza mwenye duka yote, bila kujipunguzia.

Alicheka mpaka akaishika mizani isianguke. "Kumbe mimi ndiye niliyewafilisi! Wallahi, siku zote hizi watu wanakuja kunipa pole, eti halmashauri imekula mali yangu. Nawaambia hainidai, siidai, wanasema mzee ana moyo, anawasitiri."

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Wewe usifanye kitu. Umeshafanya. Mwambie mkubwa wako aite mkutano siku ya mnada, nami nitakuja."

Mkutano ukaitwa, pale penye uwanja wa mnada, ng'ombe wakiwa upande mmoja na wananchi upande wa pili. Mwenyekiti alihutubia habari za mapato na matumizi, na nusu ya watu wakageuka kuangalia ng'ombe. Kisha mtunza fedha akapata wazo lake. Akaleta sanduku la fedha la ofisi, akalifungua mbele ya watu ili waone halikuwa tupu. Wakaona. Mama mmoja akauliza kwa upole, kama fedha ipo, kwa nini asipewe yake aende zake. Sanduku likafungwa haraka, na mtunza fedha akalikalia.

Hapo ndipo akatokea mwenye duka, polepole kwa unene wake, na nyuma yake hamali amebeba gunia zima la sukari. Gunia likashushwa miguuni pa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, sukari yenu ya ofisi. Nimeona mnachelewa kuifuata."

Mwenyekiti hakuwa ameagiza sukari yoyote, lakini kazi ni kazi. "Karani! Kitabu cha oda!"

Kitabu kipya kilikuwa kimeshafika. Nikakifungua, nikachovya kalamu.

"Funga hicho," akasema mwenye duka, na sauti yake ndogo safari hii ilisikika hadi kwa ng'ombe. "Mimi na halmashauri tangu lini tunaandikiana?"

Pale uwanjani palikuwa na watu wasiojua benki ni kitu gani, lakini hakuna asiyejua lile lilikuwa jambo gani. Mnong'ono ukapita kutoka mbele hadi nyuma. Yule mzee wa Kakesio, aliyekuwa amesimama na fimbo yake kati ya wakubwa wa mnada, akasogea hatua moja, akampisha mwenyekiti nafasi kando yake. Mwenyekiti alifungua kinywa kueleza kwamba kanuni za fedha haziruhusu kuchukua mali bila oda. Mtunza fedha akamkanyaga mguu. Watu wakaanza kurudisha hati zao mifukoni, wengine wakijifanya walikuja kununua mbuzi tu.

Laiti angeishia hapo. Lakini mwenye duka akanigeukia, akafungua fundo la leso yake.

"Na wewe, karani, chukua shilingi zako. Siku ile kitabu kilikwisha, nikakuambia nitakuandika, ukaona haya, ukatoa za mfukoni mwako na makelele juu. Usinilipie tena wateja wangu."

Akazihesabu kiganjani mwangu, moja moja, mbele ya Karatu nzima. Kicheko kilichopigwa pale, nadhani walikisikia Oldeani. Mwenyekiti alinitazama bila kupepesa, na nikajua kwamba kuna barua ya onyo inakuja, na kwamba nitaipiga taipu mimi mwenyewe. Nikaipiga keshoye, nakala mbili.

Mtu mmoja hakucheka. Watu walipotawanyika, shangazi alikuwa bado amesimama palepale, kitambaa chake mkononi. Akakifungua, akatoa hati moja akaninyooshea.

"Nisomee."

Nikamsomea kwamba halmashauri inaahidi kumlipa mwenye hati hii, na maneno yote yaliyofuata.

"Na hii mikwaruzo ya wino huku chini?"

"Hii ni sahihi ya mwenyekiti. Hii ya mtunza fedha."

"Na hii ndogo ya pembeni?"

"Hiyo yangu, shangazi. Mimi ni shahidi tu."

Akaweka dole gumba juu ya sahihi yangu, akalikandamiza.

"Sikiliza. Siku ninamtoa mtamba wangu zizini, hao wengine nilikuwa siwajui. Bomba lenyewe sijaliona likitoa hata tone. Mimi nimemkopesha huyu." Akaniangalia usoni. "Juzi nilikuja kumtazama, nikamwona anashindwa kumeza mtindi, nikasema kuna alilolifanya. Leo nimelisikia. Sasa niambie mwenyewe: nimwachie, au nimdai?"

Nilitaka kusema jambo la maana kuhusu nyongeza na miaka mitatu. 

"Mwachie, shangazi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mpaka nikaona aibu nayo.

"Hiyo ndiyo sauti ya kwendea dukani," akasema, akaikunja hati, akaifunga na wenzake tisa, akashika njia ya kwake.

Nilibaki na machozi karibu, nikiwatazama ng'ombe ili nisionekane. Watu wa Karatu walidhani halmashauri ndiyo yenye deni. Kwa miaka mitatu iliyofuata nilijua mdaiwa ni nani, na niliihesabu siku kwa siku.